Kijana Aliyeomba Mkate: Juni 1848 katika Riwaya Mbili

Mwaka jana niliwasomea wenzangu wa kikundi chetu cha uandishi sura ya tisa ya riwaya ninayoiandika. Ni sura ya mgomo. Wafanyakazi wa kiwanda cha nguo wanafunga geti, shujaa wangu Sadiki anapanda juu ya pipa, anahutubia kurasa nne nzima, halafu polisi wanaingia na mabomu ya machozi. Nilipomaliza wenzangu walipiga makofi. Mmoja akasema, "Mwana, hii ni sinema tupu!" Usiku ule nililala usingizi mtamu.

Jumapili nikaisoma nyumbani. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na mgomo ninaouandika ni ule aliokuwemo yeye kabla mimi sijazaliwa. Kiwanda sikitaji. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, kisha akauliza, "Huyu anayehutubia juu ya pipa ni nani? Sisi tulitaka chakula cha mchana kirudishwe. Walikikata bila kutuambia." Akanyanyuka, akachukua baraghashia yake, akaenda msikitini. Akaniacha na kurasa zangu mkononi.

Hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Nilitaka kujua waandishi wakubwa walifanyaje walipokutana na jambo kama hili: wafanyakazi wanaoinuka, risasi, damu, na mwandishi ameshika kalamu hajui aanzie wapi. Kwa wauza vitabu vya mtumba wa Posta nilipata Les Misérables ya Victor Hugo, tafsiri ya Kiingereza isiyo na jalada. Baadaye mwalimu wangu wa zamani akaniazima L'Éducation sentimentale ya Gustave Flaubert. Zote mbili zinagusa uasi wa wafanyakazi wa Paris wa Juni 1848. Mimi si mhakiki wa chuo kikuu, niliishia kidato cha nne, kwa hiyo sitakuchosha na nadharia. Msimamo wangu nautoa mapema ili usije ukasema nimekuzungusha: Hugo nampenda zaidi, lakini kwa jambo hili Flaubert kamshinda. Na wote wawili wametuachia nafasi moja tupu ambayo mimi na wewe tunaweza kuijaza.

Kilichotokea

Tuanze na historia, maana bila historia uhakiki unakuwa porojo.

Februari 1848 watu wa Paris walimwangusha mfalme Louis-Philippe. Ikatangazwa jamhuri. Katika serikali ya muda walikuwemo mshairi Lamartine, msoshalisti Louis Blanc, na hata mfanyakazi mmoja aliyejulikana kwa jina moja tu, Albert. Hebu fikiri, mshairi na kibarua wamekaa meza moja ya serikali! Tarehe 25 Februari serikali ile ikaahidi kwamba kila raia atahakikishiwa kazi. Kesho yake zikaanzishwa Karakana za Taifa ili wasio na ajira wapate riziki. Siku ya kazi mtu alilipwa faranga 2. Siku isiyo na kazi alipata faranga 1 na nusu, ambayo baadaye ilishushwa ikawa 1.

Kazi zenyewe hazikutosha. Watu walichimba, wakasawazisha ardhi, wakabeba udongo toka hapa kwenda pale. Fundi wa vito na seremala wa samani walipewa sepeto. Kufika Juni walioandikishwa walizidi 100,000. Kwa upande mwingine, wakulima wa mikoani walikuwa wameongezewa kodi ya sentimu 45 kwa kila faranga, wakaamini kwamba jasho lao linawalisha wavivu wa Paris. Uchaguzi wa Aprili, ambao wanaume wote walipiga kura, ukaleta Bunge lililojaa watu wa mikoani na wenye mali. Bunge hilo halikuzitaka Karakana.

Tarehe 21 Juni ikatoka amri: makapera wenye umri wa miaka 18 hadi 25 waingie jeshini, wengine wajiandae kupelekwa mikoani. Kesho yake wafanyakazi wakaandamana. Tarehe 23 asubuhi wakaanza kung'oa mawe ya barabara. Wakajenga maboma kwa mawe, magari ya farasi, milango na vitanda. Mashariki yote ya Paris ikafungwa. Tarehe 24 Bunge likampa Jenerali Cavaignac, waziri wa vita, madaraka yote. Mizinga ikapigwa mjini. Tarehe 25 Askofu Mkuu Affre alikwenda kwenye boma la kitongoji cha Saint-Antoine kuomba amani, akapigwa risasi, akafa siku mbili baadaye. Jenerali Bréa, aliyekwenda kuzungumza na waasi mahali pengine, akauawa nao. Tarehe 26 asubuhi Saint-Antoine ikasalimu amri. Idadi ya waliokufa inatofautiana toka kitabu hadi kitabu, ila ni maelfu, na wengi wa upande wa waasi waliuawa baada ya kukamatwa. Zaidi ya 10,000 walikamatwa. Zaidi ya 4,000 walihukumiwa kuhamishwa ng'ambo.

Jambo moja usilipite haraka. Katika waliowapiga wafanyakazi walikuwemo vijana wa kikosi kilichoitwa Garde mobile. Kiliundwa baada ya Februari kwa kuandikisha vijana wa Paris yenyewe, wengi wao maskini wasio na kazi, kwa faranga 1 na nusu kwa siku. Kwa hiyo kijana wa miaka 18 aliyejiandikisha kwenye kikosi na kaka yake aliyejiandikisha Karakana walitoka nyumba moja na walipokea takriban ujira mmoja. Juni wakakutana, mmoja juu ya boma, mwingine chini yake na bunduki. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu cha historia kwa muda. Sababu nitaisema mwishoni.

Hugo na boma lisilo na watu

Watu wengi wanadhani boma la Les Misérables ni la mapinduzi makubwa ya Ufaransa. La hasha. Lile wanakofia Enjolras na mtoto Gavroche ni la Juni 1832, uasi mdogo uliozuka kwenye mazishi ya Jenerali Lamarque ukazimwa kwa siku mbili. Na hebu angalia waliomo. Viongozi ni wanafunzi. Kati ya marafiki wote wa Enjolras mfanyakazi ni mmoja tu, Feuilly, fundi wa kutengeneza vipepeo vya mkono, yatima aliyejifundisha mwenyewe kusoma na kuandika. Hugo anamsifu sana. Lakini jaribu kukumbuka Feuilly alisema nini ndani ya kitabu. Mimi ilibidi nirudi kutafuta. Enjolras anayehotubia juu ya boma tunamkumbuka sote. Kumbe Sadiki wangu juu ya pipa ni mjukuu wake!

Sasa njoo kwenye sehemu ya tano, ya mwisho. Hadithi iko 1832, boma limezingirwa, msomaji roho iko juu. Ghafla Hugo anasimamisha kila kitu, anaanza sura nzima kuhusu maboma mawili ya Juni 1848, la Saint-Antoine na la Temple. Hakuna mhusika wa hadithi aliyemo. Mwanafunzi wa fasihi atasema ni kasoro ya msuko. Mimi nasema ni kasoro, na ndiyo sehemu inayosema ukweli mwingi kuliko zote kuhusu Hugo mwenyewe.

Kwa nini? Kwa sababu Juni 1848 Hugo alikuwa mbunge. Alichaguliwa mwezi huo huo, na tarehe 20 alisimama Bungeni akazilaumu Karakana. Uasi ulipoanza aliteuliwa kuwa mmoja wa wabunge 60 wa kwenda kuwatangazia waasi kwamba Cavaignac ndiye mwenye madaraka. Hakuishia kutangaza. Aliongoza askari kuyashambulia maboma. Wakati huo huo waasi waliingia nyumbani kwake Place Royale, familia yake ikakimbia, na wakatoka bila kupora. Yaani mwandishi wa maskini aliwapiga maskini, na maskini wakaiacha nyumba yake salama.

Muswada wa riwaya yake aliuanza 1845, akauacha Februari 1848. Aliurudia 1860, akiwa uhamishoni kisiwa cha Guernsey, kwa kuwa alipinga mapinduzi ya Louis-Napoléon ya Desemba 1851. Kitabu kikatoka 1862. Miaka 12 imepita, mbunge wa zamani amekuwa mtetezi wa wanyonge dunia nzima, na anapofika kwenye boma la 1832 hawezi kupita bila kulitazama lile la 1848.

Lakini analitazamaje? Boma la Saint-Antoine analieleza kama dude: urefu wake, upana wake, takataka zake, kelele zake. Maelezo ya ajabu, mwenye wivu wa uandishi atayasoma mara tatu. La Temple analieleza kama ukuta ulionyooka, kimya, unaoua. Hata anasema anakumbuka kipepeo mweupe akienda huku na huku barabarani. Basi alikuwepo! Halafu anamtaja kanali mmoja aliyelistaajabia lile boma na kumwambia neno mbunge fulani. Mbunge gani? Hatajwi. Anayejua maisha ya Hugo hawezi kukosa kushuku. Tunaambiwa kipepeo, tunaambiwa kanali, lakini mwenye bunduki upande huu hasemi "mimi". Na waliokuwa nyuma ya ukuta ule, isipokuwa viongozi wawili, hawana sura wala jina. Viongozi wenyewe, Cournet na Barthélemy, wanapewa hadithi kwa sababu walikuja kuumana baadaye Uingereza: Barthélemy alimuua Cournet kwenye pambano la watu wawili, kisha akanyongwa London kwa kosa jingine. Ni kisa kizuri. Lakini mashona, waashi na mafundi samani wa Saint-Antoine wamebaki mawe ya boma.

Hugo anamalizia kwa kugawanya moyo: kwamba uasi ule ulikuwa umma umejigeukia wenyewe, kwamba ilikuwa wajibu kuupiga, na kwamba hata hivyo waliopigana wanastahili heshima. Simcheki. Mtu aliyefanya alichofanya yeye, akaandika hata hayo, ana ujasiri. Ila mwandishi mwenzangu, kumbuka riwaya hii inaanza wapi. Jean Valjean aliiba mkate kwa ajili ya watoto wa dada yake, akafungwa miaka 5 iliyogeuka 19 kwa kujaribu kutoroka. Tunamlilia kurasa elfu moja. Waliodai mkate kwa pamoja, Juni 1848, wamepata sura moja, na ndani yake hawasemi. Maskini mmoja ni mtu, maskini laki moja wamekuwa mandhari.

Flaubert na risasi moja

Flaubert ni mtu mwingine kabisa. Hana huruma ya wazi, hahubiri, na mara ya kwanza niliona kitabu chake kama ugali wa jana. Kilipotoka 1869 hata wahakiki wengi wa kwao hawakukipenda. Shujaa wake Frédéric Moreau si shujaa. Ni kijana mwenye pesa za urithi, anayependa mke wa mtu na asiyemaliza chochote alichoanza.

Juni 1848 inapofika, Frédéric yuko wapi? Amekwenda Fontainebleau na kimada wake, Rosanette. Wanatembelea jumba la wafalme, wanatazama miti, wanapanda gari la farasi msituni. Habari za mapigano zinawafikia kwa mbali tu. Mwanzoni nilikasirika. Nikasema huyu mwandishi ananinyima vita! Niliposoma mara ya pili nikaelewa. Hivyo ndivyo uasi unavyoonekana kwa wenye nafasi: ni kelele za mbali zinazovuruga mapumziko.

Frédéric anarudi mjini baada ya kusoma gazetini kwamba rafiki yake Dussardier amejeruhiwa. Dussardier ni karani wa duka, mtu mwema kuliko wote kitabuni, anayeiamini jamhuri kama dini. Alipigana akiwa mgambo wa taifa, yaani upande wa serikali. Kijana mdogo juu ya boma, amejifunga bendera, aliwauliza mgambo kama watawapiga ndugu zao. Dussardier akatupa bunduki, akaruka juu, akamwangusha mtoto, akampokonya bendera. Anasifiwa kuwa shujaa. Na kitandani, mguu umetobolewa, anaanza kujiuliza: labda nilikuwa upande usio wangu. Waliahidiwa mengi, hawakupewa. Flaubert hatoi maoni. Anamwacha mtu mwema alale na swali lake.

Halafu inakuja ile kurasa. Mzee Roque, tajiri mwenye mashamba huko Nogent, amekuja Paris na mgambo wa mkoani kuokoa mali ya taifa. Amepangiwa lindo kwenye kuta za bustani ya Tuileries, ambako wafungwa 900 wamesongamana chini ya ardhi katika uchafu, wakiomba hewa. Kijana mwenye nywele ndefu anaweka uso kwenye nondo, anaomba mkate. Roque anamwambia anyamaze. Kijana anaomba tena, na wengine nyuma yake wanapaza sauti. Roque anawaambia mkate ndio huu, anafyatua bunduki. Basi. Maiti haielezwi.

Kinachofuata ndicho kilichonimaliza. Roque anakwenda nyumbani kwake mjini. Mbele ya jengo lake pameharibiwa na ghasia, na hilo lilikuwa limemuudhi sana. Sasa anaona hasara si kubwa kama alivyodhani. Kitendo chake kimemtuliza. Anakaa na binti yake kula supu, haishuki, anasikia vibaya, anakwenda kulala, na anajihurumia kwamba moyo wake ni mwepesi mno. Muuaji anajiona mgonjwa wa huruma! Na mara baadaye Flaubert anatupeleka kwenye chakula cha jioni cha tajiri Dambreuse, meza imejaa samaki, nyama na matunda, waalikwa wakimsifu Cavaignac kwa kuokoa nchi.

Kijana aliomba mkate, akapewa risasi. Aliyempa risasi hakuweza kumaliza supu. Na wenye mji wakaketi kula. Karakana za Taifa, faranga 2, amri ya 21 Juni, yote yamo ndani ya vyakula vitatu, na hakuna aliyepanda juu ya pipa.

Tena usidhani aliandika kwa kubahatisha. Juni ile Flaubert hakuwa Paris. Rafiki yake Du Camp ndiye aliyepigana akiwa mgambo na kujeruhiwa mguu. Ikabidi Flaubert aulize watu, asome magazeti ya zamani, atafute. Mwaka 1868 tayari alikuwa ameandika kwamba Frédéric alirudi toka Fontainebleau kwa treni, kisha akagundua kwamba reli ile ilifunguliwa 1849. Akafuta, akaandika upya, akamtafutia Frédéric gari la farasi. Sisi tunaandika mgomo bila kujua nauli ya daladala ilikuwa shilingi ngapi mwaka ule!

Nafasi iliyobaki tupu

Sasa nigeuke upande wa pili, maana nisimfanye Flaubert mtume. Yule kijana wa kwenye nondo ana nywele na ana sauti, lakini hana jina, hana mama, hana kazi. Hatujui alikuwa fundi gani wala alisimama boma gani. Anaishi mistari michache ili Roque amuue, na sisi tumjue Roque. Na ndivyo ilivyo kitabu kizima: Flaubert anawajua wenye mali mpaka ndani ya utumbo, wafanyakazi anawaona toka nje, mara nyingi kama kundi lenye harufu. Hata Sénécal, msoshalisti wake, ni mwalimu wa hesabu na msimamizi mkali wa kiwanda, na Desemba 1851 tunamkuta amekuwa polisi, anamuua Dussardier kwa upanga barabarani. Ni mwisho wa kutisha na wa kweli. Lakini ukimaliza kitabu unabaki na wazo kwamba binadamu wote ni wajinga au wasaliti. Hugo hawezi kukuacha hivyo. Hugo anakuacha unataka kumsaidia mtu. Ndiyo maana nimesema nampenda zaidi.

Je, wafanyakazi wenyewe hawakuwa na la kusema? Walikuwa nalo. Gazeti la L'Atelier, lililoandikwa na mafundi wenyewe, lilitoka Paris toka 1840 hadi 1850. Martin Nadaud, mwashi aliyetoka kijijini mkoa wa Creuse akiwa mtoto kwenda kujenga majumba ya Paris, alijisomesha usiku, akawafundisha waashi wenzake, akachaguliwa mbunge 1849, akafukuzwa nchini baada ya Desemba 1851, na uzeeni akaandika kumbukumbu zake zilizotoka 1895. Tena maelfu ya waliokamatwa baada ya Juni walihojiwa, wakaandikwa majina, umri na kazi zao, na wanahistoria wamezifungua kumbukumbu hizo. Mtu anaulizwa: ulikuwa wapi tarehe 24? Anajibu kama fundi, si kama Enjolras. Malighafi ilikuwepo. Hugo na Flaubert hawakuitumia kwa sababu walikaa mahali ambapo sauti hiyo haikufika vizuri.

Sisi tumekaa wapi? Hilo ndilo swali la makala haya, na nalielekeza kwa vijana wenzangu tunaosoma jarida hili. Wengi wetu tumezaliwa na watu ambao kwa Hugo wangekuwa mawe ya boma na kwa Flaubert wangekuwa harufu. Tunao ndani ya nyumba. Halafu tunapoandika tunawapandisha juu ya mapipa wahutubie kama waziri siku ya sherehe! Tunaona aibu kuandika chakula cha mchana. Tunadhani dhamira kubwa inahitaji maneno makubwa. Nimesoma miswada ya wenzangu wa kikundi, na wangu wa kwanza: bosi ana kitambi, mfanyakazi ana misuli, askari hana uso. Askari ndiye tunayemwonea kuliko wote.

Nilisema nitarudi kwa wale vijana wa Garde mobile. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa askari wa kutuliza ghasia. Siku ya mgomo wa baba alikuwemo kwenye lile gari lililoingia getini. Nimelijua hilo mwaka huu tu, kwa sababu baada ya kusoma Flaubert nilirudi kumuuliza mzee maswali madogo madogo: mlikula nini siku ile, ulirudije nyumbani, mama alisema nini. Akaniambia alirudi kwa miguu, kandambili moja imepotea, na jioni mjomba akatuma kilo mbili za sukari kwa mkono wa mtoto wa jirani. Hakuja mwenyewe. Mama akaipokea. Baba akanywa chai bila sukari kwa muda mrefu, na hakuna aliyeongea habari hiyo. Mimi nimekulia kwenye nyumba hiyo miaka yote, nikidhani baba hapendi vitu vitamu.

Sura ya tisa nimeifuta. Haikuwa rahisi, kurasa nne za hotuba zilinichukua miezi miwili na makofi niliyapenda. Sasa inaanza saa sita mchana, wafanyakazi wamepanga foleni na sahani zao, dirisha la jikoni halifunguliwi. Sadiki bado yumo, yuko wa kumi na moja kwenye mstari, na anasema maneno mawili tu. Askari aliyeko ndani ya gari nimempa jina na nimempa dada. Wenzangu wa kikundi wamesema imepoa, haina sinema. Huenda wana haki. Bado natafuta mbinu. Lakini wiki iliyopita nilimsomea baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, halafu akaniambia, "Zile sahani hazikuwa za bati. Zilikuwa za plastiki, za kijani."

Nimeisahihisha.